Vigasha vinajaa nikiwa juu ya mnazi: wakwezi na wakata miti, mnafanyaje na mnatumia vifaa gani?

Dogo wa Mkuranga
Wakuu, salaam. Kazi yangu kukwea. Huku Mkuranga naangua nazi na madafu, na mara moja moja naitwa Dar kupunguza matawi ya miembe na miashoki kwenye nyumba za watu. Nalipwa kwa mti, kwa hiyo nikipumzika nimejipunguzia mwenyewe.

Shida ni mikono, hasa kuanzia kiwiko kushuka hadi kiganja. Asubuhi napanda vizuri tu. Jua likishapanda vigasha vinajaa, vinakuwa vigumu, vidole havifungi sawasawa. Nikifika kwenye makuti ndipo kazi inatakiwa ianze, na hapo ndipo sina mkono tena. Dafu halisokoteki, panga nalishika kwa wasiwasi.

Mnazi wenye vipandio vya kuchonga napanda kwa vipandio, usio navyo naukumbatia. Mkanda sina. Kariakoo nimeona mikanda ya mafundi ujenzi, ile yenye pete mgongoni, na kamba za bluu za bei poa. Kabla sijatoa hela naomba kujua kama vinafaa. Na glavu je? Na kuna mazoezi ya mkono au ni kula tu?

Chumvi ya Mawe
Kula dona, dogo. Wengine hata taa ya dari tunaita fundi. Naweka kambi hapa nisome.

Mgema Mstaafu
Mwanangu, niko Rabai, huku Kilifi, nimegema tangu ujana, sasa magoti yamekataa na kazi wanaifanya wanangu. Mgema hupanda mnazi uleule asubuhi na jioni, kwa sababu karara lisipopunguzwa ncha tembo, yaani pombe ya mnazi, hukatika. Ukweaji ungekuwa kazi ya mikono, Kilifi nzima ingekunywa chai.

Najua unavyopanda hata sijakuona. Kifua kimegusa mti, viwiko umevikunja, makalio umeyabana chini ya shina. Kwa namna hiyo kila hatua ni mikono inavuta mwili. Toa makalio nje, unyooshe mikono. Mkono ulionyooka uzito wake hukaa kwenye mifupa, uliokunjwa hukaa kwenye nyama, na nyama huchoka. Miguu ndiyo isukume kwenda juu, mikono ikuzuie tu usiende nyuma. Vidole navyo usivifumbate kwa hofu. Kiganja kikishikwa na gamba la mnazi inatosha.

Jambo la pili, usiingie kwenye makuti mikono imejaa. Hapo pa kupita kutoka shinani kwenda kwenye makole ndipo watu wanapoangukia, si katikati ya mti. Chini kidogo ya makuti simama kwenye kipandio, shusha mkono mmoja uning'inie, uukung'ute, kisha wa pili. Haraka ya nini? Nazi haina miguu. Mikono ikirudi, shika kuti bichi karibu kabisa na shina. La chini lililoanza unjano liache, linang'oka bila kukupa taarifa. Pitisha mguu mmoja juu ya kikono cha kuti, ukae kitako. Mkwezi aliyekaa ana mikono miwili ya kazi. Aliyening'inia ana mmoja, nao umechoka.

Na mvua ikinyesha nenda nyumbani. Gamba likilowa utakamata kwa nguvu maradufu usipate hata nusu ya mshiko.

Dogo wa Mkuranga
Shikamoo mzee. Kweli kabisa, kifua huwa nakigusisha. Na maji moto je, wale sisimizi wekundu? Wakinivaa huku juu nabana mti hadi viganja vinauma.

Mgema Mstaafu
Marahaba. Maji moto chunguza ukiwa chini, tazama makuti yenye viota vilivyoshonwa kwa majani. Jipake majivu au mafuta ya taa kidogo miguuni, panda upande usio na njia yao. Wasiuliwe. Wao ndio wanaomfukuza yule mdudu anayefyonza vidaka vikapukutika. Mwenye shamba anayewapulizia dawa hujitia hasara mwenyewe.

Mchumaji wa Pemba
Assalaam aleikum. Mzee kasema kweli ila kaacha kitanzi. Sisi huku mnazi twaupanda kwa kitanzi cha miguuni. Kipande cha kamba kimefungwa duara, unatia miguu yote miwili, nyayo zinabana shina huku na huku, kamba yashika gamba kwa mbele. Ukisimama kamba inakaza yenyewe kwa uzito wako, ukiinua magoti inalegea. Mikono inapanda, miguu inaruka pamoja nyuma yake, basi. Mtu mwenye kitanzi anaweza kusimama katikati ya mnazi akapumua. Anayekumbatia hawezi, maana akilegeza tu anashuka.

Kitanzi kizuri ni cha kamba ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Ina manyoya, inauma gamba. Nailoni inateleza, na ikilowa ndiyo balaa.

Kwenye mikarafuu habari ni nyengine. Pale hupandi ukashuka, unakaa juu muda mrefu. Mkono mmoja wavuta tawi kwa ngoe, ule mti wenye kulabu, mwengine wachuma, na unaovuta ndio unaokufa. Dawa yake ni kufunga ngoe. Tia kikamba kwenye mpini, ukishalivuta tawi ulifunge kwenye tawi kubwa, mikono yote ichume. Na tawi la mkarafuu halipindi sana, linakatika ghafla, kwa hivyo usiliegemee ukidhani litakuonya. Funga kiuno kwenye shina.

Fundi Matawi
Habari za humu. Mimi kazi yangu ni kukata miti mjini, ile iliyoegemea nyumba na ukuta wa jirani, kwa hiyo nitazungumzia upande wa kamba na mikanda. Dogo, kabla hujanunua chochote Kariakoo soma hii yote.

Mkanda wa ujenzi wenye pete mgongoni umetengenezwa kumdaka mtu anayeanguka. Haukusaidii kukaa ukafanya kazi. Ukining'inia kwa pete ya mgongoni unainama mbele, hufiki kwenye tawi, na mapaja yanabanwa hadi miguu inakufa ganzi. Mkata miti anahitaji mkanda wa kukalia, wenye mikanda mipana ya mapajani, pete mbele kwa ajili ya kamba kuu, na pete moja kila upande wa kiuno kwa ajili ya kamba fupi ya kuzungushia shina. Hizo za kiunoni ndizo zinazookoa vigasha vyako. Ukishazungusha kamba fupi kwenye shina na kuegemea nyuma, uzito unakwenda kwenye nyonga na miguu, mikono inakuwa huru. Ukiangalia ndani ya mkanda utakuta lebo ya viwango. Ya kukalia ni EN 813, ile ya kudaka mtu ni EN 361. Lebo ikiwa imekatwa au nyuzi za mshono zimefumuka, acha hapohapo hata ukipewa bure.

Mkanda wa kiuno peke yake usiokuwa na mapaja usiutegemee kukudaka. Ukianguka ukadakwa na kiuno unaweza kuumia mbavu, mgongo na viungo vya ndani.

Kamba ya bluu. Nyingi ni polipropileni, plastiki nyepesi inayoelea majini, safi kwa mitumbwi na kufungia mizigo. Huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto kama 165 hivi, wakati poliesta na nailoni huvumilia zaidi ya 200. Ukishuka kwa kasi, fundo likisuguana na kamba, joto linapanda kwa sekunde chache. Jua nalo huikausha ikakatika nyuzi. Tena mara nyingi ni nyembamba, na kamba nyembamba hula vidole. Kamba ya kupandia iwe ya milimita 11 hadi 13. Jaribu mwenyewe dukani, vuta kamba ya milimita 8 halafu ya 12, kigasha kitakwambia tofauti.

Kupanda kwa kamba si kujivuta kwa mikono pia. Miguu inaikamata kamba, mmoja unaipitisha chini ya wayo, mwingine unaikanyagia juu yake, unasimama. Mikono inasogeza fundo tu. Fundo la msuguano analoweza kuanza nalo mtu yeyote ni la Prusik, lililofahamishwa na Karl Prusik wa Austria mwaka 1931. Unazungusha kikamba cha kitanzi mara tatu kwenye kamba kuu. Ukilivuta kwa uzito linakaba, ukilisukuma kwa mkono linateleza. Kikamba kiwe chembamba kuliko kamba kuu, kisilingane nayo, la sivyo hakikabi. Lifanyie mazoezi nusu mita kutoka ardhini mpaka unafunga ukiwa umefumba macho.

Karabina, yaani pete ya chuma yenye mlango. Ile ya kufungia funguo si kifaa cha kupandia hata ikiwa nene. Ya kweli imechorwa nguvu zake ubavuni, kwa mfano 22 kN, ambayo ni uzito wa kilo 2,200 na kitu. Chukua yenye mlango unaojifunga wenyewe, usifunguke kwa kuguswa na tawi. Ubavu huo ndio wa kubeba, mlango usibebe kitu.

Watu wengi hukamia mazoezi ya mkono wakasahau panga na msumeno. Msumeno butu ndio mchoshaji mkubwa kuliko mti wenyewe. Tafuta ule uliopinda, wenye meno yanayokata ukivuta, kwa sababu kuvuta unatumia mgongo na uzito wa mwili, kusukuma unatumia mkono mtupu. Mpini ukiwa mwembamba uzungushie mpira wa tyubu ya baiskeli ujae kiganjani. Msumeno wa mnyororo juu ya mti sikushauri kabisa kama hujafundishwa, na usiushike kwa mkono mmoja hata siku moja. Anayeutumia awe amejifunga sehemu mbili, na moja ya kamba hizo iwe na waya ndani.

Bei ya Mkaa
Fundi unaongea vizuri lakini unaongea na watu gani? Mkwezi wa Mkuranga analipwa kwa mti na nazi chache za kwenda nazo nyumbani. Mkanda huo, kamba hiyo na karabina nne ni kazi ya msimu mzima. Na mnazi hauna tawi la kurushia kamba, utaifunga kwenye kuti? Hizi ni habari za bustani za mabalozi Masaki.

Fundi Matawi
Hoja yako ya mnazi naikubali, kamba ya kurusha juu haina kazi pale. Ila kamba fupi ya kiunoni ina kazi kwenye mti wowote wenye shina. Mkwezi anaisogeza juu kila baada ya hatua chache, akichoka anaegemea. Kama fedha ni ya kitu kimoja kimoja, anza na mkanda wa kukalia na hiyo kamba fupi yenye karabina mbili. Mwembe na miashoki utakuja kuinunulia kamba ndefu baadaye, kwa hela ya miembe hiyohiyo. Na wakwezi mnatembea wawili watatu. Anayepanda ni mmoja kwa wakati, mkanda mmoja unatosha mkiuchangia.

Ile miiba ya chuma ya kuvaa miguuni kama ya mafundi wa nguzo za umeme sijaitaja kwa makusudi. Kwenye mti unaouangusha, sawa. Kwenye mnazi wa kuishi hapana. Mnazi hauna ganda la kuziba kidonda kama mwembe, tundu ulilotoboa leo litakuwepo hadi unakufa.

Mama Shamba Bagamoyo
Asante Fundi kwa hilo, na niongeze kwamba vipandio vya panga ni vidonda vilevile. Nina minazi ya marehemu baba, mingine imechongwa kila nusu mita hadi juu, maji yanatuama humo na shina linaoza. Mimi sikatai mkwezi aliye na kitanzi wala mkanda, nampa kazi wa kwanza. Mashina mapya nimepanda kitamli, mnazi mfupi, kwa ajili ya madafu, unachuma umesimama chini kwa miaka mingi. Lakini nazi nzito za kupikia na za mbata bado ziko kwenye hii mirefu, na mirefu inafika mita 20 na zaidi.

Jambo jingine, wenye mashamba tusijifanye hatuoni. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachangiwa na mwajiri, na kijana anayelipwa kwa mti hana mwajiri anayemwandikisha. Akianguka ni mchango wa msikitini au kanisani. Kununua mkanda mmoja ukakaa shambani, kila mkwezi anayekuja akauvaa, ni bei ya magunia machache ya nazi. Mimi nimefanya hivyo.

Bei ya Mkaa
Mama hapo nimekuelewa. Wangekuwa wote hivyo.

Fizio wa Tanga
Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa mazoezi, wateja wangu wengi ni wapakuaji, wakata mkonge na mafundi. Nimesubiri wenye kazi waseme kwanza.

Misuli inayofunga vidole haiko vidoleni, iko kwenye kigasha, inavuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Ukikamata kwa nguvu bila kuachia, msuli unajaa na kubana mishipa ya damu iliyomo ndani yake. Ni mpira wa maji uliokanyagwa: bomba liko wazi lakini mbele hakifiki kitu. Kadiri unavyokaribia nguvu zako zote ndivyo damu inavyozuiwa, na kinachoifungulia ni kuachia tu. Sekunde chache za kuachia kila unapobadilisha mkono, tangu mti wa kwanza, zina faida kuliko robo saa ya kupumzika baada ya mkono kukataa. Mzee wa Rabai kasema ukung'ute mkono ukining'inia. Naongeza kwamba ushushe kwanza, kisha uuinue juu ya kichwa kidogo damu irudi, halafu ushushe tena.

Kifundo kiangalieni. Kunja kiganja kwa ndani kabisa, halafu jaribu kufunga ngumi kwa nguvu. Umeona? Kiinue kidogo kwa nyuma ujaribu tena. Ukisokota dafu au ukivuta msumeno na kifundo kimekunjwa ndani, unalipa nguvu mara mbili kwa kazi ileile. Badala ya kusokota kwa kifundo, funga mkono mzima na uzungushe kuanzia begani.

Glavu nene za ngozi zinapunguza mshiko, utabana zaidi ili kuhisi umeshika. Kwenye kamba vaa nyembamba zenye mpira kiganjani, zikubane vizuri. Kwenye gamba la mnazi wengi wanaona kiganja kitupu ni bora, siwapingi.

Mazoezi yapo, ila yafanywe siku za mapumziko, mara mbili tatu kwa wiki, si jioni ya siku ya kukwea. Ning'inia kwenye boriti kwa mikono iliyonyooka kwa muda mfupi, shuka kabla hujalegea. Kaa, weka kigasha juu ya paja, shika chupa ya maji au ndoo ndogo, ishushe kwa kifundo polepole sana na uipandishe kwa msaada wa mkono wa pili. Halafu lile ambalo wakwezi hawalifanyi kabisa, kufungua. Vaa mpira wa pesa kwenye vidole vyote vitano, vifungue dhidi yake. Misuli ya kufungua ikiwa dhaifu, kiwiko kwa nje ndicho kinacholalamika.

Sasa sikilizeni vizuri. Uchovu wa kawaida unaondoka kwa saa chache, na maumivu ya msuli kwa siku mbili tatu. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku si uchovu, ni neva inayobanwa kwenye kifundo. Vidole vinavyogeuka vyeupe baada ya msumeno wa mnyororo ni mtikisiko umeanza kuharibu mishipa. Kigasha kilichovimba kigumu, kinauma hata usipokigusa, na mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, hospitali siku hiyohiyo. Na msimeze dawa za maumivu asubuhi ili mpande mingi. Maumivu ndiyo yanayokwambia mkono unakaribia kukataa, ukiyanyamazisha utajua ukiwa umeshafika juu.

Dogo wa Mkuranga
Nashukuru sana wote. Ganzi ya usiku sina, ni kujaa tu. Nimejaribu leo kutoa makalio nje na kunyoosha mikono, naona tofauti ila mapaja ndiyo yanatetemeka.

Swali jingine, kuna video za Wahindi wanapanda mnazi kwa mashine ya kukanyaga. Zinafaa?

Baharia Mstaafu
Nilipata kuziona Kerala. Ile maarufu inaitwa Chemberi, kwa jina la mji wa aliyeibuni. Ni fremu mbili za chuma, moja kwa kila mguu, kila moja ina waya unaozunguka shina. Ukiinua mguu waya unalegea, ukikanyaga unakaza. Bodi ya nazi ya India ilianza mwaka 2011 mpango wa kufundisha vijana kuitumia, wanawake wengi wakaingia kazini, kazi ambayo zamani hawakuigusa. Mikono kule haichoki kwa maana unashikilia tu vishikio.

Kasoro zake ni mwendo wa pole, chuma cha kubeba mgongoni kati ya mti na mti, na waya lazima uupime upya kwa unene wa kila shina. Mnazi uliolala upande unasumbua. Na ukifika kwenye makuti bado unahitaji mkanda, mashine haikufungi wewe.

Mgema Mstaafu
Mapaja kutetemeka ni habari njema, mwanangu. Yatazoea.

Dogo wa Mkuranga
Haya. Kesho natafuta kamba ya usumba nijaribu kitanzi kwanza, mkanda tunachangishana na wenzangu wawili. Sheikh wa Pemba, kitanzi kiwe na urefu gani? Minazi yetu chini ni minene, juu myembamba.

Mchumaji wa Pemba
Usipimie kwenye boli, ule unene wa chini ya shina, pimia pale unene wa shina unapotulia. Simama ukilikabili shina, weka nyayo ubavuni huku na huku, visigino vielekee kwako. Kamba itoke wayo hadi wayo ikipita mbele ya shina, na ukibana miguu isibaki nafasi ya ngumi. Duara likiwa kubwa miguu inazunguka mti na huwezi kusimama, likiwa dogo linakubana vifundo. Unene wa kamba uwe wa kidole gumba. Fundo lifunge kwa nje ya mguu lisisugue shina, ulisokote na uzi wa mishipi. Anza mnazi mfupi, panda na kushuka bila panga mpaka kamba ikae. Boli lenyewe panda kwa ngazi fupi, kitanzi uvae ukishapita.

Dogo wa Mkuranga
Kisigino kwangu, fundo nje, ngazi kwenye boli. Nimeandika. Nitaweka picha mkague fundo kabla sijapanda.

Chumvi ya Mawe
Piga na ya mwanga wa kutosha, dogo, tusije tukakagua kivuli.